Je, Rafiki Atosha? Msiba na Tiba ya Akili katika Mwambao wa Rumonge na Kabonga



Katika Kirundi rafiki huitwa umugenzi. Wewe unayejifunza Kiswahili utalitambua shina lake upesi, kwa kuwa ni kitenzi kilekile cha kwenda, na neno hilohilo laweza kumtaja msafiri. Sisi nasi tulilipokea neno rafiki kutoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya mwenzi wa njiani. Kiarabu na Kirundi hazina nasaba yoyote, lakini zote mbili zimemwona rafiki kuwa ni mtu unayetembea naye. Jambo ambalo lugha hizo hazikutuambia ni iwapo mwenzi huyo wa njiani anaweza pia kukufunga jeraha.

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu ya insha nilizosahihisha juzi. Swali lilikuwa: je, msaada wa marafiki unaweza kuchukua nafasi ya tiba ya mtaalamu wa afya ya akili? Waliokubali walitanguliza methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Waliokataa walitaja hospitali, vyeti na dawa. Pande zote mbili ziliandika kana kwamba mgonjwa ameketi mbele ya sinia lenye vyakula viwili, naye anachagua. Sikuwapa alama mbaya, ila niliona afadhali niwapeleke, nawe pamoja nao, mahali ambapo sinia hilo halijawahi kuandaliwa hivyo.

Ukitoka Bujumbura na kushika barabara ya kusini, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wako wa kulia, utafika Rumonge, mji wa michikichi na mawese, ambako Kiswahili husikika sokoni, mwaloni na msikitini bila mtu kuuliza kilitoka wapi. Endelea kusini hadi Nyanza-Lac, kisha songa mbele kidogo kuelekea mpaka wa Tanzania. Hapo ndipo Kabonga. Ng'ambo ya mpaka, ufukweni, ni Kagunga katika Mkoa wa Kigoma. Kutoka hapa hadi hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Kamenge, mjini Bujumbura, ni zaidi ya kilomita 120. Hospitali yenyewe, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki lenye asili ya Ubelgiji, haikuwapo kabla ya miaka ya 1980 kukaribia. Basi jiulize: kabla ya hapo, mtu wa mwambao huu aliyelemewa moyoni alikwenda kwa nani?

Alikwenda kwa watu. Katika vilima vya Burundi walikuwapo bashingantahe, wazee waliokubaliwa na jamii kuwa wasuluhishi na washauri. Walisikiliza ugomvi wa mipaka na wa ndoa, na mara nyingi ndani ya ugomvi walisikia pia huzuni. Msiba nao ulikuwa na ratiba. Baada ya mazishi na siku za kwanza za kuomboleza, ndugu na majirani walikusanyika kwa sherehe ndogo iitwayo guca ku mazi. Baadaye sana, pengine baada ya mwaka, walifanya kuganduka, yaani kuuondoa msiba. Siku hiyo watu walikula na kunywa pamoja, na mfiwa akaruhusiwa kurudi katika maisha ya kawaida, kwa sababu jamii yote ilikuwa imeshuhudia kwamba amelia vya kutosha.

Nakuomba usiupambe wakati huo kwa maua. Utaratibu huo ulimfaa mfiwa, lakini mwenye ugonjwa mzito wa akili, ambao Warundi huuita ibisazi, mara nyingi alifungwa kamba, akafichwa nyuma ya nyumba, au akaachwa azurure. Mwenye kifafa aliogopwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu waliamini, na wengine bado wanaamini, kwamba kifafa huambukiza, hivyo mgonjwa alipoanguka hata rafiki yake hakumgusa. Tena wanaume walifunzwa kunyamaza. Kuna methali ya Kirundi isemayo kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini mwa nchi, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoshambuliwa kwanza. Waasi waliwaua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu katika nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, hata wanafunzi. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengi wa mwambao huu walivuka kwenda Tanzania, wengine kwa mitumbwi usiku, wengine kwa miguu.

Wanafunzi wengi huishia kwenye tarakimu hizo. Kwa swali letu kuna jambo lingine linalopaswa kuangaliwa kwa makini. Waliouawa walitangazwa kuwa abamenja, yaani wahaini, na jamaa zao walikatazwa kuomboleza hadharani. Maiti zilitupwa katika makaburi ya halaiki. Mjane hakuwa na kaburi, hakuwa na matanga, hakuwa na siku ya kuganduka. Jirani aliyekuja kumpa pole aliweza kushukiwa naye kuwa mhaini, na jirani mwingine huenda ndiye aliyetoa jina la marehemu. Kwa hiyo tunapouliza kama rafiki anatosha, tukumbuke kwamba hapa urafiki wenyewe ulipigwa. Mtu hakupoteza mume tu, alipoteza pia yule ambaye angemlilia. Waswahili husema mficha maradhi, kilio humuumbua. Katika mwambao huu kilio nacho kilipigwa marufuku, na maradhi yakakaa mafichoni kwa miongo.

Waliokimbia hawakuwekwa wote mahali pamoja. Maelfu walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, huko magharibi mwa Tanzania. Wengine walijipenyeza katika mji wa Kigoma, wakaishi kama watu wengine wa ziwani. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na makundi yote mawili, yaani wa Mishamo na wa Kigoma mjini, na mwaka 1995 akachapisha kitabu juu yao. Aligundua kwamba watu wa Mishamo walikuwa wakiisimulia 1972 kila mara, kwa pamoja, hadi masimulizi yao yakawa historia yenye umbo moja: sisi ni nani, adui ni nani, tutarudi lini. Wale wa mjini walifanya kinyume. Walijichanganya, wakaoa na kuolewa na wenyeji, na wengi hawakupenda kuitwa wakimbizi.

Malkki hakuwa akichunguza tiba, nami sitaki kumlisha maneno. Lakini masimulizi yake yananifanya nisite mbele ya wale wanaosema, "Zungumza tu na wenzako, utapona." Watu wa Mishamo walizungumza na wenzao kwa miaka mingi. Mazungumzo yaliwapa utu na heshima, bila shaka, maana si jambo dogo kuwa na watu wanaoamini yaliyokupata. Hata hivyo, masimulizi ya wenye jeraha moja yanaweza pia kugeuka mzunguko ambao hakuna anayetoka ndani yake, kwa kuwa rafiki mwenye maumivu kama yako hupata shida kukuuliza swali usilolitaka. Na wale wa Kigoma je? Ukimya wao ulikuwa ulinzi. Iwapo ulikuwa pia uponyaji, kila mmoja alijua mwenyewe usiku alipolala.

Tuje sasa kwenye vita vya pili. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia katika mapigano yaliyodumu zaidi ya miaka kumi. Katika siku hizohizo za Oktoba, David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki, alikuwa akifundisha katika shule ya wachungaji huko Kwibuka. Askari waliivamia shule hiyo na kuwaua wanafunzi wake kadhaa. Yeye alinusurika kwa kujificha. Baadaye alisomea unasihi, na mwaka 2000 akaanzisha shirika la kutibu majeraha ya moyo na kupatanisha watu, linalojulikana kwa kifupi cha THARS.

Bila shaka umeliona lile jina: Kanisa la Marafiki. Ndilo jina la Kiswahili la dhehebu la Quaker, lililoletwa Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na Arthur Chilson, mmoja wa waliofika huko, ndiye aliyelipeleka Burundi mwaka 1934. Ni sadfa ya kupendeza kwamba dhehebu hilohilo lina nafasi katika historia ya matibabu ya akili duniani. Mwaka 1796, huko York, Uingereza, William Tuke na Marafiki wenzake walifungua nyumba ambamo wagonjwa wa akili walitendewa kama wageni wenye heshima, wakapewa kazi, bustani na mazungumzo, badala ya minyororo iliyokuwa desturi ya wakati huo. Kwa hiyo, kihistoria, sehemu ya kile tunachokiita leo utaalamu ilianza kwa watu wasiokuwa madaktari waliokataa kumtendea mgonjwa kama mnyama. Na Tuke, kwa taarifa yako, alikuwa mfanyabiashara wa chai.

Mbinu ya THARS na ya Marafiki wengine wa Burundi ilikuwa kuwafundisha watu wa kawaida kusikiliza. Lisikupite hivihivi neno hilo, kufundisha. Kusikiliza kulionekana kuwa jambo la kujifunza, sawa na kushona wavu. Mtu alifundishwa kutokatiza, kutolinganisha msiba wa mwenzake na wake, kutunza siri, na kutambua wakati ambapo jambo limemzidi. Katika warsha hizo waliketi pamoja Wahutu na Watutsi, wengine wakiwa wametoka katika kambi za wakimbizi wa ndani na wengine katika vilima ambako wale wa kambini walifukuzwa. Hao hawakuwa marafiki walipoingia.

Mwaka huohuo wa 2000 shirika la HealthNet TPO lilianza kazi Burundi. Nchi ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, hivyo shirika liliajiri na kufundisha wafanyakazi wa msaada wa kisaikolojia, watu wa mitaa na vilima vyenyewe. Baadaye kliniki za afya ya akili zilifunguliwa katika baadhi ya hospitali za mikoa, zikihudumiwa hasa na wauguzi. Kati ya 2000 na 2008 watu wapatao 27,000 walihudumiwa. Ukichunguza waliofika katika zile kliniki za hospitali, utakuta jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwamba wengi wao walikuwa na kifafa. Kifafa hakisikii ushauri wala kuliwazwa. Kinahitaji kidonge, kila siku, kwa miaka, na kidonge hicho ni cha bei nafuu mahali kinapopatikana. Hapo ndipo rafiki peke yake hushindwa kabisa, hata awe na moyo wa dhahabu. Anaweza kumshika mkono mgonjwa wakati wa kuanguka. Anaweza kumkumbusha dawa. Hawezi kuwa dawa.

Lakini je, huzuni kubwa ile isiyoondoka, ambayo Kiswahili cha kitaalamu huiita sonona? Hapa ushahidi wa kanda yetu unatia moyo, na unastahili kusomwa polepole. Huko Rakai na Masaka, Uganda, watafiti walichagua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo watu wenye sonona waliketi katika vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili na kisha kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni, waliobaki na sonona kali katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyo na vikundi asilimia 54.7. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaweka akina bibi wa mtaa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza watu wenye kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha baada ya miezi sita dalili za sonona kwa takriban asilimia 14 ya walioketi na bibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Wanafunzi wangu wa upande wa "ndiyo" wangeshangilia hapa. Ngojeni kidogo. Wale bibi hawakuwa marafiki wa wagonjwa. Walikuwa watu wazima wenye heshima, waliofunzwa hatua za kufuata, wenye maswali maalumu ya kuuliza na mtu wa juu yao wa kumpelekea yule anayesema anataka kujiua. Kiongozi wa kikundi cha Rakai naye alikuwa na msimamizi. Tukiondoa mafunzo na msimamizi, tunabaki na jirani mwenye huruma, naye ana thamani yake, lakini hakuna utafiti kati ya hizo mbili uliompima.

Na wale wa upande wa "hapana"? Kwao nina kisa cha kurudi. Kati ya 2008 na 2009 zaidi ya wakimbizi 50,000 wa 1972 walirejeshwa Burundi kutoka yale makazi ya Tanzania, huku wengine wapatao 162,000 wakichagua uraia wa Tanzania. Waliorudi mwambaoni, Rumonge na Nyanza-Lac, walikuta mashamba yao yana watu, na baadhi ya hao walikuwa wamekaa hapo miaka thelathini na zaidi kwa nyaraka za serikali. Mti wa mchikichi aliopanda baba yako unavunwa na mwingine, ambaye naye hana pa kwenda. Hebu mfikirie mtaalamu wa saikolojia, mwenye shahada nzuri, akimketisha mtu huyo chumbani na kumfundisha kupumua kwa utulivu. Kukosa usingizi kwa mtu huyo ni dalili ya kweli, lakini sehemu ya dawa yake iko kwa tume ya ardhi, kwa wazee, na kwa yule anayelima shamba lenyewe.

Kisha kuna lugha, na hapa nazungumza kama mwalimu wa lugha. Watoto waliozaliwa Mishamo na Katumba walirudi wakiwa na Kiswahili. Shuleni walikuta Kirundi na Kifaransa. Wengine walirudishwa madarasa ya chini, wakakaa na watoto wadogo kuliko wao. Mtaalamu aliyesoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kirundi cha mjini angemwuliza kijana kama huyo habari za moyo wake kwa lugha ambayo moyo huo haukuilia. Katika hali hiyo mwenzake wa soko la Rumonge, anayeelewa maana ya "nimechoka na roho" bila kuhitaji tafsiri, ana ufunguo ambao daktari hana. Ndiyo maana nawasihi mnaojifunza Kiswahili msiishie kwenye salamu na bei za nyanya. Jifunzeni pia maneno ya maumivu: kusononeka, kujikunyata, kukata tamaa, kuelemewa, kushtuka usiku. Huenda siku moja mtu akakosa wa kumsikia kwa sababu tu ya msamiati wenu.

Mwaka 2015 kivuko kikarudiwa. Machafuko ya kisiasa yalizuka, na mwezi Mei makumi ya maelfu ya Warundi walijikuta wamebanana katika ufuko mwembamba wa Kagunga, milima mgongoni na ziwa mbele, kipindupindu kikiwa katikati yao. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ndiyo iliyowabeba kwenda Kigoma, kundi kwa kundi. Wengine walikuwa wanakimbia kwa mara ya pili katika maisha yao. Katika ufuko kama huo hakuna anayeuliza cheti. Anayekupa maji na kukushikia mtoto ndiye huduma ya kwanza ya akili, na wataalamu wenyewe wanasema hivyo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma hiyo uliandikwa kwa ajili ya watu wasio wanasaikolojia. Unawaelekeza watazame, wasikilize, kisha wawaunganishe wahitaji na huduma. Wengi hulisahau hilo la tatu.

Mimi nimefikia wapi? Naamini rafiki wa mwambao huu amebeba, kwa lazima, mzigo ambao serikali nyingi zilipaswa kuubeba, na tunamdhulumu tukimsifu ili tusimpe msaada. Ukimwona mwenzako haoni sababu ya kuishi, anasikia sauti, anaanguka kifafa, au halali wiki nzima, usijivunie kwamba amekuchagua wewe umsikilize. Mchukue kituo cha afya, mwende pamoja, ukae naye kwenye foleni. Maana ya umugenzi hapo itakuwa imetimia barabara.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo si rafiki wala daktari aliyeweza kuifanya kwa karibu nusu karne. Mwezi Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu 6,032 katika makaburi ya halaiki mkoani Karuzi. Katika udongo kulikuwa na nguo, miwani na rozari, na kwa vitu hivyo baadhi ya watu waliweza kuwatambua jamaa zao waliochukuliwa 1972. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku baba yake alipochukuliwa alikuwa sasa na miaka 53, na hakuwa bado ameruhusiwa kuuondoa msiba.